Aliita Mara Tatu

Chumba kilikuwa kikubwa, kikavu, chenye dirisha la vioo vizima na mlango usiolalamika, na kodi yake ilikuwa ndogo kuliko ya banda la kuku. Kwa hiyo Bi Tashtiti alijua kabla ya kuuliza kwamba humo ndani ama kuna jini ama palikuwa na maiti. Mwenye nyumba alikuwa akimwonyesha swichi ya taa kwa bidii ya mtu anayeficha kitu kingine. Bibi akamwambia asijichoshe; yeye kwa umri wake ameshalala chumba kimoja na watu wa kutisha kuliko maiti, na mmoja wao alimwoa. Mwenye nyumba akacheka mpaka akasahau kuuliza wako wangapi.

Walikuwa watatu. Bibi mwenyewe, aliyepewa jina la Bi Tashtiti kwa sababu ulimi wake haukuwahi kupita karibu na mtu bila kumgusa. Mwanawe, fundi rangi, aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili ya nyumba ya tajiri mmoja akavunjika nyonga, na tajiri akamlipa kazi ya ghorofa ya kwanza tu, kwa kuwa ya pili hakuimaliza. Na mkwe, mke wa huyo fundi, aliyefua mashuka katika nyumba ya wageni na kurudi jioni vidole vimenyauka kama zabibu. Mshahara wake ndio uliowalisha wote, na dawa ya nyonga ililishwa kwanza.

Waliweka pazia katikati. Upande wa ndani akalala fundi rangi na mkewe, upande wa mlangoni akalala Bibi, kitanda chake kimegusa ukuta wa nyuma. Na ukuta ule haukuwa ukuta wa bure. Ng'ambo yake kulikuwa na kiwanda cha mikate ambacho mlango wake ulitazama barabara nyingine kabisa, na mashine ya kukandia unga ilikuwa imesimama sawasawa na kichwa cha Bibi. Mashine ikiwashwa, vikombe vilitembea mezani.

Wiki ya kwanza Bibi alivumilia. Wiki ya pili akapanda kitandani, akaweka mdomo karibu na ukuta, akapiga ukelele kwamba kama hawawezi kupunguza makelele basi walete mkate. Mashine ilikuwa inaunguruma, hakutegemea jibu. Lakini sauti ya mwanamume ikapita kwenye matofali kama inapita kwenye kitambaa: "Lala, ajuza! Mkate utautafuna kwa jino lipi?" Bibi akafurahi kama msichana aliyetupiwa jicho. Tangu siku hiyo wakawa wanatukanana kila siku. Huyo bwana wenzake walimwita Kipara, na jioni alikuwa akimtuma mtu azunguke kwa mbele amletee Bibi mikate iliyoungua, na salamu kwamba hii ndiyo inayofanana na wewe. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Bibi alisema ndiyo maana wanapendana.

*

Habari ya chumba aliipata sokoni, siku aliyotaja anakokaa na mwanamke aliyekuwa akimpimia maharage akaacha kupima.

Chumba kile kilikuwa cha Kufuli. Hakuna mtu aliyekuwa halijui jina hilo, na hakuna aliyekuwa akimjua mwenyewe. Hakuwahi kukamatwa wala kuonekana. Watu wakambatiza, maana binadamu hawezi kuogopa kwa raha kitu kisicho na jina. Alikuwa akiua wanawake waliopanga peke yao. Na akimaliza, alifunga mlango kwa nje kwa kufuli la marehemu mwenyewe, akaenda na ufunguo. Wanawake watano. Halafu akaacha, kama mtu aliyehamishwa kikazi. Polisi walimkamata fundi wa makufuli, wakamwachia. Wakamkamata muuza makufuli, wakamwachia, naye akarudi akakuta duka limepata wateja kuliko siku zote. Miaka miwili ilikuwa imepita, na bado vinyozi walibishana juu yake kama wanabishana juu ya mpira: alikuwa mrefu, alikuwa mfupi, alikuwa daktari, alikuwa ndugu wa mkubwa fulani. Vijana walivaa fulana zenye picha ya kufuli. Wanawake waliouawa hawakuwa na fulana. Walikuwa na namba. Aliyekaa chumba cha Bibi alikuwa wa nne.

Wageni wa kwanza walikuwa kijana na mchumba wake, waliokuwa wakichungulia dirishani wakijifanya wanatafuta njia. Bibi alikuwa anamenya vitunguu, macho yamejaa machozi. Akawaambia waingie, dirisha halina adabu. Wakaingia, wakamwona analia, wakadhani analia kwa ajili ya marehemu, nao wakanyamaza kwa heshima. Bibi naye hakuona sababu ya kuwavunja moyo. Wakamwuliza kitanda ni kile kile? Kitanda kilikuwa cha Bibi, alikuja nacho. Akasema ndiyo, ni kile kile. Na ile mikwaruzo mlangoni? Ilikuwa ya kabati lililogoma kupita. Akasema ni kucha, wanangu, ni kucha. Walipoondoka, kijana aliacha noti kwenye sahani ya vitunguu. Siku ile walikula nyama.

Basi wakaja wengine, na hadithi ikawa inakua kama unga wa Kipara, ukiuacha kidogo unaukuta umepanda. Bibi alijifunza kupunguza sauti mahali fulani, na kunyamaza mahali fulani mpaka wageni waisikie mashine ya ukutani wakashtuka. Lakini mwisho wa hadithi ulikuwa haujakaa sawa. Binti alikufa, mlango ukafungwa, basi. Wageni walikuwa wakiondoka kama watu walioondolewa mezani mapema. Ndipo siku moja, mbele ya wanawake wanne wa ofisini, ulimi ukamteleza wenyewe. Akasema kabla ya kukata roho binti aliita mama. Aliita mara tatu. Ya kwanza kwa nguvu, ya pili kwa kuomba, ya tatu kama mtu anayesinzia.

Mmoja wa wale wanawake alilia mpaka wanja ukamshuka. Sahani ile jioni ilikuwa imejaa.

Mkwe ndiye aliyeona haya. Kule nyumba ya wageni msimamizi alikuwa ameanza kumwita mbele ya wateja, "huyu ndiye anayekaa kwa Kufuli," nao wakamtazama mikono iliyobeba mashuka yao. Akavumilia. Ila alipomkuta mumewe amejificha nyuma ya pazia, amekatazwa kusogea wageni wakiwepo, kisha siku nyingine ameombwa akohoe kwa sababu alikohoa jana msichana mmoja akazirai na hadithi ikapendeza, hakuweza tena.

"Mama," alisema, "yule alikuwa mtoto wa mtu."

"Na wewe ni mtoto wa mtu," Bibi akamjibu, "na umekula."

Mkwe akainuka. Akachukua sahani yake akaenda kula nje, na Bibi akapiga kelele ukutani kumwuliza Kipara kama huko kwao wakwe wanauzwa kwa kilo. Kipara akajibu kwamba wa kwao wameungua.

Mtangazaji wa redio alipokuja, alikuja na vifaa vya kuvaa masikioni na kiatu kinachong'aa. Alimrudisha Bibi pale pa mara tatu tena na tena, akimwomba aongeze huzuni. Bibi akamwambia huzuni ikizidi inakuwa kikohozi. Mtangazaji hakucheka, alisema hilo la mara tatu ni dhahabu, miaka yote miwili hakuna aliyelipata. Likarushwa hewani. Kesho yake foleni ilifika kwa jirani, na mwenye nyumba akaja akiwa amevaa vizuri, akaeleza kwa upole kwamba chumba sasa kimepata jina, na kodi ya chumba chenye jina si sawa na ya chumba kisicho na jina.

*

Mama mmoja mwenye shali ya kijivu alikuja siku ya mvua, wakati foleni imekimbilia vibarazani. Aliweka pesa kwenye sahani kabla hajaombwa, akabaki amesimama, maji yakimchuruzika. Bibi akamkaribisha kiti, akakataa kwa kichwa. Mkwe alikuwa kazini. Fundi rangi alikuwa nyuma ya pazia.

Kwa kuwa msikilizaji alikuwa mmoja na mvua ilikuwa nzuri, Bibi alisimulia kwa kujiburudisha mwenyewe. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye kitanda, yule mama alikitazama bila kukigusa. Alipofika kwenye kucha, akapitisha kidole mlangoni. Alipofika pale pa mwisho, ya kwanza kwa nguvu, ya pili kwa kuomba, ya tatu kama mtu anayesinzia, yule mama akaketi chini sakafuni, taratibu, kama anayetafuta kitu kidogo kilichodondoka.

"Na mama yake alikuwa wapi?" akauliza.

Swali hilo Bibi aliwahi kuulizwa, jibu lilikuwa tayari. "Mama yake alikuwa mbali, maskini. Amelala zake, hajui hili wala lile."

"Hakuwa mbali," akasema yule mama. "Alikuwa hapo."

Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa nyuma. Ng'ambo, mashine ilikuwa inaunguruma na vikombe vilikuwa vinatembea.

"Nilikuwa nimesimama hapo, bibi. Nakanda unga. Ilikuwa zamu yangu ya usiku. Mwanangu alipanga hapa ili awe karibu na mimi."

Bi Tashtiti, ambaye hakuna aliyewahi kumwona anatafuta neno, alilitafuta akalikosa. Akashuka kwenye kigoda, magoti yakalia, akaketi naye chini. Akamwuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakusema tangu mwanzo. Yule mama akasema aliacha kazi siku ile ile, hajakanyaga barabara hii tena, lakini alisikia redioni kwa jirani kwamba aliita, akaona haifai kulisikia kwa jirani. Akasema amelipia kama wengine ili aambiwe kama wengine, bila kuchujiwa.

"Kitanda hiki sicho," akaongeza. "Kile ninacho mimi. Ndicho ninachokilalia."

"Basi unajua kwamba mimi ni mwongo," Bibi akasema upesi, kama mtu aliyeona mlango. "Umenikamata mwenyewe. Nilitunga, mwanangu. Kitanda nilitunga, kucha ni kabati, na kuita nako nilitunga. Sikuwepo, sikuambiwa na mtu. Nilisema mara tatu kwa sababu mara mbili ni chache na mara nne ni nyingi. Ni utamu wa hadithi tu."

Yule mama alimtazama kwa muda, na Bibi akaona katika macho yale kitu ambacho hakukitarajia: alikuwa anaonewa huruma yeye.

"Alikuwa ananiletea chai jioni," yule mama akasema. "Anapita dirisha la kiwanda upande ule wa barabara. Alikuwa ananiita mara tatu. Mama, mama, mama. Hata nikimwona ile ya kwanza nikampungia mkono, lazima amalizie zote, ananitania kwamba deni halikatwi nusu. Hilo halijui mtu. Polisi hawalijui. Wewe umelijuaje?"

"Nimebahatisha."

"Hilo halibahatishwi, bibi."

"Wallahi nimebahatisha."

"Waliniambia alikuwa amelala," yule mama akasema. "Kwamba mto uliwekwa usoni akiwa usingizini, hakujua chochote. Miaka miwili nimelala kwa neno hilo. Asante kwa kunihurumia. Lakini umeshasema, na ulilisema vizuri. Usilifute sasa kwa uongo."

Akainuka, akajifunga shali yake yenye maji. Bibi akamfuata na pesa zake mpaka mlangoni, akazikataa. Akaenda na mvua. Nyuma ya pazia, fundi rangi alikuwa amejiziba mdomo kwa shuka asikohoe.

*

Ni kazi rahisi kuzoa maji yaliyomwagika kuliko ile aliyoianza Bibi kesho yake. Alikwenda redioni, akakalishwa kwenye benchi, akapitwa na watu wanaonukia, mpaka mtangazaji akatoka akamwambia asiwe na wasiwasi, kipindi kimependwa. Bibi akamweleza kwamba lile la kuita halikuwa kweli. Mtangazaji akamshika bega, akamwuliza taratibu nani amemtisha. Jioni hiyo hiyo akatangaza kwamba shahidi wa chumba cha namba nne ameanza kukana maneno yake, na wasikilizaji wajiulize wenyewe kwa nini.

Foleni ikawa mara mbili. Bibi akaondoa sahani. Akawaambia wageni kwamba hakuna aliyeita, hakuna kucha, kitanda ni chake na kina kunguni wake mwenyewe. Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mzee mmoja mwenye miwani akamsahihisha kwa adabu, "Bibi, umesahau. Aliita mara tatu. Ya kwanza kwa nguvu." Na wale wa nyuma wakamalizia ya pili na ya tatu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Alipofunga mlango, wakabaki dirishani wakasimuliana wenyewe, na wakasimulia vizuri kuliko yeye.

Mkwe aliambiwa yote na mumewe. Bibi akamsubiri amwambie, "Nilikuambia." Hakumwambia. Alimpakulia chakula, akampa na maji ya kunawa, na kile chakula kilimkaa Bibi kooni kuliko matusi ya ukoo mzima. Ilikuwa ni mkwe pia aliyekwenda kuulizia, akarudi na habari kwamba mama wa marehemu halali. Majirani zake wanasema anaamka anakwenda kwenye kila ukuta wa chumba chake, anaweka sikio. Amemwuliza fundi mwashi mmoja barabarani tofali moja linazuia sauti kiasi gani. Amekonda mpaka pete imetoka yenyewe.

"Kama angenipiga ingekuwa afadhali," Bibi akasema.

"Hatakupiga, mama," mkwe akajibu. "Anakuamini."

*

Akarudi mwenyewe, alasiri ya jua kali, shali ile ile. Safari hii hakuweka pesa na Bibi hakusema mzaha. Aliwasalimu wote, hata fundi rangi, ambaye pazia lake sasa lilikuwa limefunguliwa moja kwa moja. Alikuwa na ombi, na alikuwa ameyapanga maneno yake njiani.

Alisema hamwulizi tena kama mwanawe aliita. Hilo ameshalipokea. Anachotaka kujua ni kimoja tu: akiwa pale mashineni, angeweza kusikia? Maana alikuwa anaimba usiku ule, anakumbuka, alikuwa anaimba. Ameongea na msimamizi wa kiwanda, amemkubalia asimame pale alipokuwa akisimama. Mashine itawashwa. Bibi akisikia imewaka, aite.

"Wewe ndiye unayejua alivyoita," akasema. "Uite vile vile. Mara tatu."

"Na ukisikia?" Bibi akamwuliza.

Yule mama akajifunga shali yake. Akatoka, na kwa kuwa mlango wa kiwanda ulikuwa barabara ya pili, ilibidi azunguke mtaa mzima. Wakawa wanamsubiri watatu, kila mmoja anatazama pake. Bibi aliketi kitandani, uso kwa ukuta. Mkwe alisimama mlangoni kuwazuia wachunguliaji.

Mashine ikawaka. Kikombe kikaanza kutembea mezani.

Bibi akavuta pumzi, akafungua mdomo. Na hapo hapo akakumbuka, kana kwamba alikuwa hajui, kwamba jana tu alimwambia Kipara kupitia ukuta huu huu, mashine ikiwa inaunguruma hivi hivi, kwamba mkate wake ungefaa kujengea choo. Na Kipara akamjibu neno kwa neno. Sauti yake yeye, ajuza mwenye pafu moja na nusu. Sembuse ya msichana.

Akafunga mdomo.

Aliweka mikono magotini akakaa kama mtu anayepigwa picha. Mashine ikazunguka. Fundi rangi akainua kichwa, akasema, "Mama, si ndio wakati?" na mkwe akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha, akamtazama Bibi, akaelewa. Dirishani kulikuwa na vichwa viwili. Mkwe akawasukumia pazia la dirisha. Bibi alitazama matofali yale, rangi iliyobanduka, na msumari uliokuwa pale kabla yao, ambao bila shaka binti alitundikia gauni lake. Alikuwa ameishi humu miezi yote hii akimsimulia binti yule kila siku, na hakuwahi kuuona msumari wake. Machozi yakamtoka, na safari hii hakukuwa na vitunguu.

Mashine ikazimwa. Walikaa hivyo hivyo mpaka waliposikia hatua.

Yule mama aliingia na unga kwenye shali na kwenye kope. Alikuwa anahema.

"Uliita?"

"Niliita."

"Kwa nguvu?"

"Mpaka koo limechanika. Muulize mkwe wangu, huyu hajui kusema uongo, ndiyo maana hatupatani."

Yule mama akamgeukia mkwe. Na mkwe, ambaye tangu aolewe hakuwahi hata kusifu mboga isiyo na chumvi, akamtazama usoni.

"Aliita, dada. Mara zote tatu. Mpaka sasa masikio yangu yanavuma."

Yule mama akaegemea ukuta. Akapangusa unga, akaupaka zaidi. "Sikusikia kitu," akasema. "Nilitega masikio, nikabana hata pumzi. Sikusikia kitu." Kisha akasema pale mashineni palikuwa na bwana mmoja mwenye kipara, amewekwa miaka hii ya karibuni. Alimwuliza na yeye, ili kuwa na hakika. Alimwuliza kama huwa anasikia sauti yoyote kutoka chumba hiki, hata siku moja.

Bibi alihisi moyo wake unashuka ngazi.

"Akanitazama kwanza," yule mama akasema. "Nikamwambia mimi ni nani. Akavua kofia. Akasema, 'Hapana, mama. Sisi huku huwa hatusikii kitu.'"

Ng'ambo ya ukuta kulikuwa kimya. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyegonga sinia.

"Kwa hiyo hata kama aliita," yule mama akasema.

"Hata kama aliita," Bibi akajibu.

Yule mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akauliza, kwa aibu ya mgeni anayeomba maji mara ya pili, kama anaweza kujinyoosha kidogo, miguu imemwisha nguvu. Bibi akamtandikia kile kitanda chake cha uongo. Akalala na shali yake na unga wake, uso kwa ukuta, na kabla mkwe hajamaliza kumvua viatu alikuwa amesinzia. Alilala alasiri yote. Kila kichwa kilichojitokeza dirishani kilimkuta Bibi pale na kidole mdomoni, na macho ambayo hakuna aliyeyabishia.

*

Baada ya hapo Bibi hakufungulia mgeni tena, na chumba chenye jina kikabaki na kodi yake ya jina. Mshahara wa mkwe haukuifikia. Mwenye nyumba alikuja na subira, kisha akaja bila subira, kisha akaja na wapangaji wapya, mume na mke wachangamfu, walioulizia kama kitanda kinabaki.

Mama wa marehemu wanasema analala sasa, si kila siku, lakini analala. Bibi hakwenda kumtazama. Alisema mtu ambaye usingizi wake umeshikiliwa na uzi mmoja haendewi na mtu mwenye mkasi mdomoni.

Asubuhi ya kuhama walipata mkokoteni. Fundi rangi akatangulia na magongo yake, akielekeza kazi ambayo hakuweza kuifanya. Mkwe akabeba beseni, akarudi akachukua godoro. Bibi akabaki wa mwisho. Mashine ya kukandia ilikuwa inaunguruma, na juu ya mngurumo ule Kipara alikuwa anaimba, vibaya kama kawaida yake. Tangu siku ile hakuna mkate ulioungua uliokuja kwa mbele, na hakuna tusi lililopita matofalini. Mara moja tu Bibi alijisahau, akaanza, "We Kipara—" akajiziba kwa kiganja. Na kule ng'ambo wimbo ukakatika papo hapo, ukakaa kimya kidogo, kisha ukaendelea kama wimbo wa mtu asiyesikia kitu.

Mkwe alimkuta amesimama hivyo, mkono wake umekaa kwenye ule msumari.

"Waage basi wenzako, mama," akamwambia kwa upole. "Tunaondoka."

Bibi akaokota kigoda chake, akakiweka kwapani.

"Hawasikii, mkwe wangu," akasema. "Huko huwa hawasikii kitu."